Sura ya Sita: Kitalu Kilichoko Ukingoni mwa Jicho

Pwani ya Tanga ilijengwa kwa chokaa kabla saruji haijafika. Msikiti na makaburi ya nguzo ya Tongoni, kusini kidogo ya mji, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na kuta nene za nyumba kongwe za Pangani ni vivyo hivyo. Namna ya kuitengeneza ni ile ya siku zote: magogo hupangwa duara, matumbawe yakarundikwa juu yake, tanuu likawashwa na kuachwa mpaka mawe yawe meupe na mepesi. Kitokacho humo si cha kushikwa kwa mkono mtupu. Ukikimwagia maji kinafoka, kinatoa mvuke, kinatokota bila moto, halafu kinapasukapasuka na kuwa unga laini. Aliyeinama karibu, au mtoto aliyesogea kutazama, anaweza kurukiwa jichoni na donge moja dogo. Wala si tanuu peke yake. Saruji nayo ina chokaa ndani yake, na tangu kiwanda cha Pongwe kilipoanzishwa mwaka 1980 fundi anayekoroga zege bila miwani amekuwa jambo la kawaida machoni petu.

Tindikali ikiingia jichoni huigandisha protini ya juu, na mgando huo huizuia isipenye zaidi. Chokaa haizuiliwi hivyo. Hiyo ni alikali: huyageuza mafuta ya kuta za seli kuwa sabuni, seli zikayeyuka, nayo ikaendelea kuzama.

Ajabu ya jicho lililounguzwa namna hii huonekana baadaye. Wiki za kwanza uvimbe hupungua, maumivu yakatulia, ndugu wakasema alhamdulillahi. Kisha kioo cha jicho, ambacho madaktari hukiita konea, kinaanza kufunikwa. Mishipa midogo ya damu inatambaa kutoka pembeni, utando wa weupe wa jicho unaifuata, na pale palipong'aa panaingia ukungu. Mgonjwa anaona mwanga lakini haoni sura. Ukimwekea konea mpya iliyotolewa kwa marehemu, nayo itafunikwa vilevile. Kwa miaka mingi wapasuaji waliliona jambo hili bila kulielewa, kwa sababu walikuwa wakiitazama konea, na kilichokufa kilikuwa pembeni yake.

Duara la kahawia

Chukua kijioo ujitazame. Konea ni lile kuba angavu lililofunika mboni. Pale linapokutana na weupe wa jicho kuna duara jembamba, upana wake milimita moja au mbili, na kwa wenye macho meusi mara nyingi lina rangi ya kahawia. Duara hilo ni limbasi.

Ngozi ya juu kabisa ya konea haidumu. Seli zake hupukutika tunapopepesa, na ndani ya wiki moja hadi siku kumi hivi yote huwa imebadilishwa. Seli za kuchukua nafasi hiyo huzaliwa kwenye limbasi, zikasogea taratibu kuelekea katikati. Mwaka 1971 watafiti wawili, Davanger na Evensen, waliandika katika jarida la Nature kwamba rangi ya limbasi huonekana ikisafiri kuingia kwenye konea wakati kidonda kinapopona, wakakisia kuwa hapo ndipo konea inapojifanya upya. Katika miaka ya 1980 kundi la Tung-Tien Sun, New York, lilileta ushahidi uliokuwa ukingojewa: ndani ya limbasi zimo seli shina. Seli ya namna hii ikigawanyika, mmoja wa watoto wake hubaki nyumbani akiwa shina kama mzazi, na mwingine huenda kazini, akazeeka na kufa.

Mtu wa Tanga hana haja ya kuelezwa sana kazi ya kitalu. Richard Hindorf alipoagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, 62 tu vilifika hai, vikapandwa Kikogwe, Pangani, mwaka 1893, na mashamba makubwa ya mkonge ya nchi hii yalianzia hapo. Limbasi ni kitalu cha konea. Kikibaki sehemu tu, jicho linaweza kujiotesha tena. Kikiungua chote, hakuna mche wa kwenda shambani, na magugu, yaani ule utando wenye mishipa, yanaingia.

Kutoka Olomouc hadi Modena

Konea ya kwanza ya binadamu kupandikizwa ikafaulu ilipandikizwa na Eduard Zirm, mjini Olomouc, Moravia, tarehe 7 Desemba 1905. Mgonjwa wake alikuwa kibarua aliyeunguzwa macho yote mawili na chokaa. Zirm aliyapandikiza yote. Moja halikushika, moja likabaki angavu. Kwa tunayoyajua leo, yaelekea lile lililofaulu lilikuwa limesaziwa sehemu ya limbasi yake.

Mwaka 1989 Kenneth Kenyon na Scheffer Tseng walichapisha habari za wagonjwa 26 waliohamishiwa limbasi yenyewe, ikikatwa kutoka jicho zima au lililoumia kidogo na kushonewa kwenye jicho bovu. Ilifanya kazi, ila kwa bei: kipande kilichohitajika kilikuwa kikubwa, na kulichuna jicho pekee linaloona si jambo la kumtajia mgonjwa kirahisi.

Njia ya kupunguza bei hiyo ilitoka kwenye ngozi. Mwaka 1975 Howard Green na James Rheinwald waligundua namna ya kuotesha seli za ngozi ya binadamu maabara, zikilala juu ya tandiko la seli za panya zilizozuiwa kuzaliana. Mapema miaka ya 1980 ngozi iliyooteshwa hivyo iliwaokoa watoto walioungua karibu mwili mzima, na upasuaji rekebishi ukapata chombo kisichokuwepo: ngozi ya mgonjwa mwenyewe, nyingi kuliko aliyobakiwa nayo. Watafiti wawili wa Italia, Graziella Pellegrini na Michele De Luca, waliichukua njia hiyo wakaipeleka kwenye limbasi. Mwaka 1997 walieleza katika The Lancet habari za wagonjwa wawili, kila mmoja ameharibikiwa jicho moja, waliooteshewa seli kutoka kipande cha milimita moja au mbili za mraba.

Mwaka 2010 wakaja na hesabu kubwa zaidi. Kati ya wagonjwa 112, wengi wao wa kuungua, asilimia 76.6 walirudishiwa konea angavu ikadumu. Ndani ya hesabu hiyo mlikuwa na fundisho lingine. Pale ambapo seli shina halisi zilizidi asilimia 3 ya seli zenye uwezo wa kuota, pandikizi lilifaulu kwa asilimia 78 ya wagonjwa; zilipokuwa pungufu ya hapo, asilimia 11 tu. Wingi wa seli kwenye sahani haukuamua neno. Kilichoamua ni ile miche michache ya kweli.

Februari 2015 tiba hiyo, kwa jina la Holoclar, ilipata idhini ya Umoja wa Ulaya, ikawa dawa ya kwanza ya seli shina kuidhinishwa huko. Miaka miwili baadaye bei yake Uingereza iliorodheshwa kuwa pauni 80,000 kwa jicho moja. Seli zikishatoka maabara ya Modena, Italia, zina saa 36 tu za kutumika. Hesabu ndege mpaka Dar es Salaam, forodha, kisha barabara ya Chalinze na Segera, na utaona kuwa hata mwenye pauni zake angekimbizana na saa.

Vipande vinane

Hapa ndipo sura hii inapogeuka, na inageukia Hyderabad, India. Virender Sangwan na wenzake wa Taasisi ya Macho ya L V Prasad walikuwa na wagonjwa wengi wa kuungua, wakubwa kwa watoto, na wengi wao maskini. Mwaka 2012 walichapisha njia isiyohitaji maabara kabisa.

Mgonjwa analala chali, macho yote mawili yamesafishwa. Kutoka jicho zima daktari anakata kipande cha limbasi cha milimita mbili kwa mbili, kidogo kiasi kwamba akikiangusha hatakiona tena bila darubini. Anakiweka kwenye maji ya chumvi na kuhamia jicho bovu. Anauchuna utando wenye mishipa uliotambaa juu ya konea, anaituliza damu, kisha anatandaza utando wa chupa ya uzazi, ile ipasukayo mama anapokaribia kujifungua. Utando huo hutolewa kwa hiari na mama aliyezaa kwa upasuaji, akishapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Hauna mishipa, hupooza uvimbe, na seli hupenda kutambaa juu yake. Daktari anaubandika kwa gundi ya fibrini, itengenezwayo kwa protini za damu. Anakirudia kile kipande, anakikatakata vipande vinane hadi kumi, anavipanga duara juu ya utando akiiacha katikati ya konea wazi, anavibandika kwa gundi ileile, anafunika kwa lenzi laini. Basi. Kila kipande huanza kumwaga seli kandokando yake, na baada ya siku kadhaa seli za vipande jirani hukutana.

Wagonjwa wa kwanza walioripotiwa walikuwa sita. Mwaka 2016 taasisi hiyohiyo ilitoa habari za wagonjwa 125, karibu nusu yao watoto, na kufaulu kulikuwa asilimia 76. Ukizitazama 76.6 ya Italia na 76 ya India utatamani kuzifananisha moja kwa moja. Haifai: wagonjwa hawakuwa sawa, wala hawakufuatiliwa kwa muda sawa. Lakini yatosha kuonyesha kuwa kazi ya sahani za maabara inaweza kufanywa na jicho lenyewe, katika chumba cha operesheni kilichozoeleka.

Kinyama

Sasa turudi pwani. Mgonjwa wa kawaida wa kliniki ya macho hapa kwetu hakuunguzwa na chokaa. Ni mvuvi wa Kigombe au Moa, mkata mkonge wa Muheza, dereva wa bodaboda: mtu anayekaa juani, kwenye upepo na vumbi, tena kwa mvuvi jua huja mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Ana kinyama. Kinaanzia upande wa pua, kinavuka limbasi, kinatambaa juu ya konea. Kinyama hicho chenyewe ni ugonjwa wa ukingo ulioharibiwa na miale ya jua.

Zamani kilikatwa na weupe wa jicho ukaachwa wazi, na kwa wagonjwa wengi kilirudi, pengine kikali kuliko mwanzo. Mwaka 1985 Kenyon na wenzake walieleza njia bora: pengo lizibwe kwa kipande cha utando kilichotolewa chini ya kope ya juu ya mgonjwa huyohuyo. Wapasuaji wengine hukata kipande hicho mpaka kwenye limbasi ili kibebe seli shina, kisha hukilaza ukingo kwa ukingo. Mahali gundi ya fibrini haipatikani, damu ya mgonjwa mwenyewe ikigandia hapo hutosha kukishika.

Anayekata mpaka kwenye limbasi anapandikiza seli shina, ingawa kwenye daftari la operesheni ataandika kinyama tu. Mkono uliozoea kuchuna utando mwembamba bila kuutoboa, kuulaza upande ulio sawa na kuubandika bila mikunjo, umeshapita sehemu ngumu ya njia ya Hyderabad. Tanzania imewafundisha madaktari wasaidizi wa macho kufanya upasuaji mikoani, na hospitali kama KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na CCBRT ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1994, zimekuwa kimbilio la waliopewa rufaa kutoka Tanga. Ujuzi wa kuanzia upo.

Tahadhari moja haiachwi. Si kila kioteacho ukingoni ni kinyama. Saratani ya ngozi ya jicho huanzia mahali palepale, na Afrika Mashariki ina wagonjwa wengi wa saratani hiyo kwa sababu ya jua pamoja na virusi vya UKIMWI. Dk. Stephen Gichuhi wa Nairobi na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba baada ya kuikata, matone ya dawa ya fluorourasili hupunguza kurudi kwake kutoka asilimia 36 hadi 11 kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo nyama yenye shaka ipelekwe maabara, isitupwe kwenye ndoo.

Kope kwanza

Familia zikisikia seli shina husahau kope. Moto, mafuta ya taa, au baruti za uvuvi haramu zilizoitesa bahari ya Tanga kwa miaka mingi, haviunguzi konea peke yake. Ngozi ya uso ikipona hujivuta, kope ikageuka nje au ikakosa kufunga. Jicho lisilofunga hukauka, na seli zinazopandikizwa juu ya jicho kavu hufa kabla hazijaota. Ndiyo maana mpangilio ni mmoja popote duniani: kwanza kope zifunge, machozi yawepo, uvimbe upoe, halafu limbasi, na konea ya marehemu, kama bado yahitajika, ije mwisho.

Somo la kope lilikomaa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale Archibald McIndoe alipowatengenezea marubani walioungua kope mpya kwa ngozi nyembamba ya upande wa ndani wa mkono. McIndoe huyohuyo, pamoja na Michael Wood na Tom Rees, wote wapasuaji rekebishi, ndio waliopanga huduma ya madaktari warukao kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mwaka 1957 ikaanza kazi, nayo ndiyo AMREF ya leo. Kwa hiyo upasuaji rekebishi si mgeni wa juzi kaskazini mwa Tanzania.

Wauza matumaini

Jina la seli shina limekwisha kuingia sokoni kabla ya tiba yenyewe. Afrika Mashariki huuziwa vidonge na pakiti za unga wa seli shina kwa mtandao wa wanachama, pamoja na ushuhuda wa waliotupa miwani. Seli haipiti tumboni ikafika jichoni; humeng'enywa kama chakula kingine. Hata sindano ya kliniki yenye marumaru si dhamana. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walieleza habari za wanawake watatu wazee waliodungwa machoni, kliniki moja ya Florida, seli zilizotolewa kwenye mafuta ya tumbo lao, macho yote mawili kwa siku moja. Wakaishia kwenye upofu au karibu nao.

Mgonjwa na aulize maswali matatu kabla hajafungua mkoba. Seli zinatoka wapi? Zinakwenda kufanya kazi gani, na ndiyo kazi zinayoifanya kwa asili? Wangapi wametibiwa hivyo, na baada ya mwaka walikuwa wakionaje? Seli ya limbasi ina majibu ya yote matatu: inatoka ukingoni, inakwenda kutengeneza ngozi ya konea kama ilivyofanya siku zote, na wagonjwa wamehesabiwa. Ya mafuta ya tumbo, iliyopelekwa nyuma ya jicho, haikuwa nayo.

Na hata ya limbasi ina mpaka wake. Haimponyi aliyeharibikiwa mshipa wa fahamu wa jicho, wala mwenye presha ya jicho. Aliyeunguzwa macho yote mawili hana kitalu cha kukopa kwake mwenyewe. Anaweza kupewa limbasi ya ndugu na kumeza dawa za kushusha kinga, au kuoteshewa seli za ndani ya shavu, njia ambayo Kohji Nishida wa Japani aliieleza mwaka 2004. Nishida huyohuyo mwaka 2024 aliripoti wagonjwa wanne waliopewa ngozi ya konea iliyotengenezwa kwa seli za kawaida zilizorudishwa kuwa shina. Wanne ni mwanzo, si huduma.

Maji na utando

Kinachoamua kama jicho litahitaji yote haya ni dakika za kwanza. Chokaa ikiingia, jicho lifunguliwe na kumiminiwa maji safi papo hapo, bila kusaka dawa, kwa nusu saa nzima ikiwezekana. Wengine huogopa maji kwa kuwa wameona chokaa ikitokota. Waelezwe kwamba yanayotiririka kwa wingi huiondoa na kuipoza, na machozi yenyewe ni maji tayari. Kope ya juu igeuzwe, madonge yaliyojificha yatolewe kwa pamba iliyoloa, kisha maji yaendelee. Maziwa ya mama, asali na majani yaliyotwangwa yakae kando: utafiti wa Yorston na Foster uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta takriban robo ya wagonjwa wa vidonda vya konea nchini Tanzania walikuwa wametumia dawa za kienyeji machoni. Utafiti mwingine, wa Moshi, wa mwaka 2011, ulionyesha wagonjwa wa konea wakifika hospitali wamechelewa, na waliopitia kituo kingine kwanza wakichelewa zaidi. Kwa hiyo zahanati inahitaji ndoo, bomba na mtu ajuaye kugeuza kope, kuliko inavyohitaji kopo la dawa ya jicho.

Aliyefika na kitalu kimekwisha ndiye wa kupandikizwa. Hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Bombo pale juu ya mwamba wa bahari, haihitaji maabara ya seli ili ianze. Inahitaji mpasuaji mmoja wa macho anayevipenda vinyama, apelekwe Hyderabad au amlete mwalimu. Mwenzake wa upasuaji rekebishi wa kumshughulikia mwenye kope zilizojikunja. Na benki ndogo ya utando inayomshirikisha mama, inayompima na kuhifadhi kwa baridi kali. Benki hiyo ndiyo kiungo kinachokosekana, na ndiyo rahisi kuliko vyote, maana mali ghafi yake hatuagizi. Kila siku wodi za uzazi za mkoa huu hupeleka utando wenyewe kwenye shimo la kondo. Kabla hatujaomba dawa ya pauni 80,000, tungeanza kwa kuuokota huo.